Bibi Harusi wa Kuazima

Ninyi mlioniacha juma lililopita nimeshika simu, mdomo wazi, nipo bado, na mdomo haujafunga vizuri. Na wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti, nitakupasha kwa kifupi.

Mimi naitwa Sindano. Jina hilo sikupewa na wazazi. Katika chama chetu cha akina mama hatutumii majina ya wazazi, na sababu utaiona. Mchana niko ofisini, kwenye stoo ya nguo za msaada: nazichambua, nazishona, nazigawa. Usiku nalala kwenye Nyumba, mimi ndiye mlezi wake. Humo wanakaa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na waume hawajui ilipo. Ukiingia getini jina unaliacha nje, unapewa la utani, ili hata mmoja wetu akibanwa huko njiani asiwe na cha kutapika.

Sasa, wafadhili. Mfadhili hupenda kutoa kitu kinachopendeza kwenye picha. Cherehani, magodoro, sare za watoto. Hajazaliwa bado wa kutoa kufuli, au kodi ya nyumba, au nauli ya mtu anayetoroka alfajiri na kandambili mguu mmoja. Ndiyo maana mama mmoja tajiri, muuza saruji, alipoleta gauni jeupe la harusi na kusema apewe bibi harusi maskini, Mwenyekiti wetu alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika stoo, akaanza kulikodisha. Gauni lile limeolewa mara nyingi kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Kodi ya Nyumba ilitoka humo.

Tatizo, yule mama alitaka picha ya bibi harusi wake. Mwenyekiti akaangaza macho stoo nzima, akaniona mimi, mtu niliyeachika miaka mingapi sijui. Akanivalisha gauni, akamwita fundi viatu anayekaa kibarazani pa ofisi, akamfunga tai, tukapigwa picha tumeshikana mikono. Mama akaipenda picha, na mimi akanipenda, akawa ananiita mwanangu. Mimi na Mwenyekiti tukimsengenya tunamwita Mama Saruji, na hilo jina hata mwenyewe halijui. Huyo ndiye aliyenipigia simu: Jumamosi nakuja kwako, nimwone mkwe wangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu ilifika mwisho Jumamosi saa nne asubuhi, chumbani kwa fundi viatu.

Maana kwangu ni wapi? Ilibidi twende kwake. Viatu vya watu tulivisukumia chini ya kitanda, harufu ya gundi tukaifukuza kwa ubani, ikakataa kuondoka, zikabaki zote mbili. Mwenyewe alikuwa anafurahia. Alivaa shati lililopigwa pasi akaniamuru nimletee chai, mke wangu. Nikamwambia akiniita mke tena wakati hakuna mgeni nitamshona huo mdomo.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Mwenyekiti alikuwa amepita mapema kunipa maonyo. Mwenye nyumba anaiuza Nyumba. Dalali ana mnunuzi anayetaka kuivunja ajenge ghala, na Mama Saruji ameahidi kumtangulia, ainunue yeye, atuachie tukae. Makaratasi yatatiwa saini Jumatatu. "Leo ukimkera," Mwenyekiti aliniambia, "Jumatatu wote tuko barabarani."

Na katika hao wote mimi nilimfikiria Chiriku. Huyu ni binti wa pale Nyumbani aliyekuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Tulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hata akila anaongea, hata akilia anaongea. Alikuja kwetu mkono umevunjika na kuungwa kombo, akanieleza mwenyewe kwamba mumewe alimwahidi siku nyingine hatainuka. Wenzake tukifukuzwa wangepata dada, shangazi, rafiki. Yeye hakuwa na mlango wa kubisha isipokuwa wa huyo mume.

Mama Saruji akafika. Mwili mkubwa, sauti ya dukani, mikono imejaa zawadi. Akanikumbatia mpaka pumzi ikakata. Akamkagua fundi viatu kama mtu anayekagua tofali, akamwuliza anafanya kazi gani, ananipiga au hanipigi. Fundi akasema mimi ndiye ninayempiga yeye. Mama akacheka hadi kitanda kikalia.

Nikaona mambo ni mepesi. Ndipo akauliza gauni liko wapi.

Nikasema kwa dobi. Akasema dobi gani anakaa na gauni tangu mwezi wa nne. Nikasema dobi mwenyewe anaumwa. Fundi viatu, badala ya kunyamaza, akadakia kwamba dobi amesafiri. Mama akatutazama mmoja mmoja, yule mgonjwa anayesafiri akamgeuza kichwani, kisha akaamua kutusamehe.

Akaketi vizuri. Sauti ya dukani ikashuka.

"Mwanangu, lile gauni lilikuwa la mkwe wangu. Mke wa kijana wangu. Aliondoka bila kuaga, ana mimba ya mjukuu wangu. Nilishindwa kuliona likining'inia kabatini, nikaona bora lipate mtu wa kulifurahia."

Nikampa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Akatoa simu kwenye pochi, akanionyesha picha.

Alikuwa Chiriku. Amenenepa kidogo, mkono umenyooka, amevaa gauni lile lile nililopigiwa picha, mdomo wazi anaongea hata mbele ya kamera.

Nilishika ukingo wa meza, nikasema ni mzuri, mashallah, nikarudisha simu haraka. Mnaona tulichojifanyia wenyewe? Tulikataza majina ili tusijulikane, na sisi wenyewe tukawa hatujuani. Tukapokea zawadi za mama kwa mkono huu, na kwa mkono huu tunamficha mkwewe asionwe na mwanawe. Stoo gauni, Nyumbani mwenye gauni, na kati yao mimi, bibi harusi wa kuazima.

Mama hakuwa amemaliza. Akasema kijana wake amedokezwa kwamba wapo akina mama wanaoficha wake za watu katika nyumba fulani, na huenda ikawa hiyo hiyo anayotaka kutununulia. Yeye hana ugomvi na mtu. Anataka tu kumpata binti kabla hajajifungua, amrudishe nyumbani kwa heshima. Na kama hayumo, basi amani, atanunua. "Ila siuziwi mbuzi kwenye gunia," akasema. "Nataka kuiona leo. Kijana wangu yuko nje kwenye gari, atatupeleka."

Nikachungulia dirishani. Gari jeupe limeegeshwa ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa, kiwiko cha mwanamume kiko nje.

Nikaomba ruhusa niende uani kidogo. Huko uani, nyuma ya pipa la maji, nikampigia Mwenyekiti, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Kisha akaniuliza kama nina uhakika na sura. Nikamwambia sura ile naiona kila siku ikitafuna na kusimulia. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, nataka mlijue hilo kabla sijawaambia alichosema.

"Ukikataa, mama hanunui, na wote wanatoka. Ukikubali, anatoka mmoja. Mtangulize fundi akamtoe kwa mlango wa jikoni, ampitishe uchochoroni amlete kwangu. Wewe mama mpeleke kwa mlango wa mbele."

Mpango wenyewe ulikuwa na akili. Simu nyingine pale Nyumbani hakuna, tunawanyang'anya wote wakifika, maana waume huwatafuta kwa simu. Ya Nyumba ni yangu, na yangu nilikuwa nayo mkononi uani kwa watu. Nikamwita fundi viatu. Kwa sauti kubwa nikamtuma soda za mgeni. Sikioni nikamwambia aende wapi, amwombe nani, aseme katumwa na Sindano. Kwa mara ya kwanza siku ile hakufanya utani. Akachukua kreti na kuondoka mbio.

Ikabaki kumchelewesha mama. Nikamwongezea chai. Nikamwuliza habari za biashara, akajibu kwa neno moja. Nikamwuliza mgongo, akasema mgongo mzima, twende. Akashika pochi, akainuka. Hapo nikajua kuna kitu kimoja tu kitakachomrudisha yule mama kitini, nacho ni ukweli.

Nikamwambia gauni haliko kwa dobi. Liko mwilini mwa bibi harusi wa leo, na Jumamosi ijayo litakuwa la mwingine, na mimi sijaolewa, na yule fundi si mume wangu wala hatakuwa. Nikamwambia tunalikodisha. Nikamwambia fedha yake inalipa kodi, inanunua makomeo, inamlipa daktari asiyeuliza maswali. Nikasema watu wanatuletea vitu vya kupigia picha, na mtu aliyepigwa hahitaji picha.

Nilisubiri kofi. Nilikuwa tayari kulipokea, kofi nalo lingekula dakika.

Mama Saruji akaketi. Akauliza tunalikodisha kwa kiasi gani. Nikamtajia.

"Mnanidhalilisha," akasema. "Gauni lile? Kwa bei hiyo hata kitambaa cha meza sikodishi." Akaanza kunifundisha: tuweke dhamana, tutoze zaidi msimu wa harusi, tuongeze shela na viatu. Alichangamka, macho yakawaka, akasema kumbe sisi si waombaji, sisi ni wafanyabiashara kama yeye. Nami mjinga nikaanza kupumua.

Akasimama tena, safari hii haraka zaidi. "Sasa nataka kuiona hiyo nyumba kuliko mwanzo," akasema, na kunishika mkono.

Kijana wake alishuka akatufungulia mlango wa gari. Wenzangu, nilitegemea jitu. Nikakuta kijana nadhifu, sauti ya chini, shikamoo dada, karibu dada, angalia kichwa usijigonge. Akamfunga mamaye mkanda kwa upole. Ningekuwa na binti wa kuozesha na sijui nilichokijua, ningemwozesha.

Nilikuwa nimepanga kuwazungusha. Tulipofika njia panda nikamwambia kata kulia. Yeye akakata kushoto.

"Dalali alinionyesha jana," akasema, akinitazama kwenye kioo. "Niligonga, hawakufungua. Wamefundishwa vizuri."

Simu ikaanza kutetemeka mapajani mwangu. Fundi viatu. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, na macho ya kijana yalikuwa kwenye kioo. Nikaiacha.

Mama akawa anamsimulia mwanawe habari za gauni, anacheka. Kijana akatabasamu. Akasema ndiyo maana yeye ndiye aliyemshauri mama anunue nyumba hii, akina mama wanaojituma wasaidiwe. Akapunguza mwendo, akaegesha mbele ya geti letu bila kuuliza namba.

"Mama ana shughuli nyingi," akaniambia, sauti ile ile ya upole. "Akishanunua, mimi ndiye nitakayeshika funguo."

Mimi na Mwenyekiti tulikuwa tunapima mmoja dhidi ya wengi, na hatukujua mzani wenyewe umeshikwa na nani. Nyumba ikinunuliwa tumekwisha, isiponunuliwa tumekwisha.

Fundi viatu alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kreti ya soda miguuni, jasho linamtiririka. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Hajamtoa.

Nikaelewa pale pale, na nikataka kujizaba kofi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wale wanawake: mwanamume akigonga, msifungue, na akisema katumwa na Sindano, ndiyo kwanza mwongeze kufuli. Maskini alikuwa amegonga mbele, amegonga nyuma, ameapa kwa mama yake mzazi, na wao ndani wamefanya nilivyowaagiza.

Nikaanza kusema ufunguo nimeusahau ofisini. Mama Saruji hakunisubiri. Akapiga geti kwa kiganja akaita hodi, wanangu, fungueni, ni mimi mama yenu.

Sheria yetu ilikuwa ya sauti ya mwanamume. Ya sauti ya mwanamke hatukuitunga. Nani kati yetu aliwahi kumfikiria mama mkwe?

Komeo likavutwa. Mpishi wetu akatoa kichwa, akaona mama mtu mzima mwenye sura njema, akaniona na mimi nyuma yake, akafungua akitabasamu. Kijana akapiga hatua. Mamaye akamwekea mkono kifuani. "Kaa nje wewe. Hapa ni kwa wanawake." Akatii, akaegemea nguzo ya geti, geti likasukumwa nyuma yetu.

Uani nguo zimeanikwa, watoto wawili wanagombania ndoo. Mama akaangalia huku na huku, akasifu usafi, akauliza maji yanatoka kila siku. Nikamjibu kwa sauti ya juu kabisa, nikitumaini kuna mtu jikoni atakayeelewa na kuruka dirisha. Na jikoni kulikuwa na mtu, naye alikuwa anaongea. Anasimulia jinsi kuna lijamaa moja limegonga asubuhi nzima eti katumwa na Sindano, yaani watu hawana haya, na hizo soda alizobeba ni za kutuwekea dawa, mimi nawaambia.

Mama Saruji alisimama. Mwenye sauti ile alikula naye meza moja, hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Akaingia jikoni. Nikaingia nyuma yake.

Chiriku alikuwa kwenye kigoda, tumbo mbele, bakuli mapajani. Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza.

"Shikamoo, mama," akasema mwishoni.

Mama hakuitikia. Alikuwa anatazama tumbo, halafu akatazama mkono, ule uliopinda chini ya kiwiko kama tawi lililoota vibaya. Aliutazama muda mrefu.

"Aliniambia ulianguka bafuni," akasema.

Chiriku akaweka bakuli chini. Mtu wa maneno elfu, siku ile alitumia machache.

"Na wewe, mama, ulipoanguka bafuni ulikuwa na umri gani?"

Niliona mkono wa mama ukipanda wenyewe hadi kwenye nyusi, penye kovu ambalo mimi siku zote nilidhani ni la ajali. Akaligusa. Mwanamke yule mkubwa, mwenye duka, mwenye magari, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni yetu kama mzigo ulioteremshwa. Hakulia. Alikaa tu akimtazama mkwewe, na mkwewe akamtazama, na mimi nilijua wanazungumza jambo ambalo hawajawahi kulizungumza mezani kwao, mbele ya wanaume wao.

Nje, sauti ya upole ikapita juu ya geti.

"Mama. Yupo?"

Chiriku akashika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwonyesha mlango wa uchochoroni, nikamshika kwapani kumwinua, akawa mzito. Mama Saruji akainua kiganja kutuzuia. Akavuta pumzi, akaitoa ile sauti yake ya dukani, kavu, isiyo na hata chembe ya kutetemeka.

"Hayupo."

Nilitaka kumwangukia miguuni. Lakini yeye alikuwa amegeuka kunitazama, na usoni mwake niliona hofu ambayo haikuwa ya mama kwa mwana.

"Ananijua," akanong'ona. "Tangu mdogo. Nikimdanganya huwa anajua."

Nikamtazama mpishi, amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Mpishi akageuka akatazama geti. Hakuna aliyekuwa amerudisha komeo.